Nzi Katika Picha: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Nzi ndio wadudu wanaoleta barua nyingi zaidi katika safu hii, na ndio pia wanaowaacha wasomaji wengi bila kuridhika, kwa sababu msomaji aliyejitahidi kupiga picha hutarajia jina kamili la spishi, naye mara nyingi hupewa jina la familia tu. Toleo hili limetengwa kwa ajili yao. Katika kila jibu nimeeleza, pamoja na jina, alama iliyoniongoza kwenye jina hilo na mahali ambapo picha iliacha kunisaidia. Jina lisiloambatana na sababu haliwezi kuhakikiwa na mtu mwingine, na jina lisiloweza kuhakikiwa halimfai mkulima, mfugaji wala mwanafunzi.

SWALI: Ninalima maembe katika kaunti ya Kilifi. Nimepiga picha nzi wa matunda waliotua juu ya maembe yaliyokaribia kuiva. Baadhi yao wana mgongo mweusi, wengine wana mgongo wa kahawia inayoelekea wekundu. Programu ya simu inawaita wote Bactrocera dorsalis, lakini kijitabu cha kilimo nilichopewa zamani kinamtaja Bactrocera invadens. Je, nina aina mbili za nzi shambani? Nifuate simu au kijitabu?
Mkulima, Kilifi

JIBU: Una aina moja, na safari hii simu imesema kweli, ingawa kijitabu chako nacho kilikuwa sahihi kwa wakati kilipoandikwa. Nzi huyu, ambaye asili yake ni Asia, alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2003 katika pwani ya Kenya, na mwaka 2005 wataalamu walimwandika kuwa spishi mpya kwa jina la Bactrocera invadens. Kwa takriban miaka kumi jina hilo lilienea katika vijitabu, sheria za karantini na mafunzo ya wakulima, hadi mwaka 2015, baada ya maumbile, jeni, kemikali za kuvutana na uwezo wa kuzaliana kulinganishwa kwa pamoja, ilipokubaliwa kwamba ni yuleyule B. dorsalis aliyejulikana Asia kwa muda mrefu. Mojawapo ya mambo yaliyochanganya watu ni hilohilo ulilolishuhudia shambani: rangi ya mgongo wake hubadilika sana, kuanzia nyeusi tii hadi kahawia nyekundu, hata miongoni mwa nzi wa mti mmoja. Kwa hiyo usiitumie rangi ya mgongo kutenganisha nzi hawa.

Alama nilizozitegemea katika picha zako ni nyingine. Mabawa ni angavu, hayana mabaka, ila yana mstari mwembamba mweusi unaofuata ukingo wa mbele hadi karibu na ncha. Kila upande wa mgongo una mstari mmoja wa njano, na kibao kidogo cha pembetatu kilicho mwishoni mwa mgongo, mahali kifua kinapokutana na tumbo, ni cha njano pia. Tumbo lina alama nyeusi yenye umbo la herufi T. Alama hizo zote zimeonekana kwa sababu ulipiga picha kutoka juu huku mabawa yakiwa yamefunguka, na ningependa wasomaji wengine waige mfano huo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo picha yenyewe haikusema na mahali ilipopigwa pakalisema. Huko Asia ya Kusini-Mashariki ziko spishi nyingi zinazofanana na B. dorsalis kiasi kwamba picha hiihii isingetosha kabisa, ilhali katika maembe ya pwani ya Kenya orodha ya wanaoweza kudhaniwa kuwa ni yeye ni fupi. Picha ileile inaweza kutosha nchi moja na isitoshe nchi nyingine, ndiyo maana ninasisitiza kila mara kwamba jina la mahali liandikwe.

Linganisha pia na wenzake watakaokutembelea. Ceratitis cosyra, nzi wa maembe wa asili ya Afrika ambaye mgeni huyu amemsukuma pembeni katika mashamba mengi, ana mabawa yenye mikanda ya njano na madoa matatu meusi kwenye kile kibao cha pembetatu. Ukipanda matikiti au matango karibu na miembe, utamwona Zeugodacus cucurbitae, ambaye ana mstari wa tatu wa njano katikati ya mgongo na doa jeusi kwenye ncha ya bawa. Ukitaka ushahidi mwingine usiohitaji kamera, weka mtego wenye kivutio cha methili eujenoli: madume wa B. dorsalis huufuata kwa nguvu, na wale wa matikiti hawaujali. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka maembe katika soko la Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, hivyo kumtambua nzi huyu kwa usahihi kuna uzito hata kwa mkulima mwenye miti michache.

SWALI: Nimempiga picha nyuki wa ajabu kwenye ua la alizeti. Macho yake yana mistari ya wima, kama yamechorwa kwa kalamu. Mwalimu wetu anasema huenda si nyuki. Je, ni nani?
Mwanafunzi wa sekondari, Arusha

JIBU: Mwalimu wako amesema vyema. Huyu ni nzi wa familia ya Syrphidae, yaani wale nzi wa maua wanaoweza kusimama hewani wakipiga mabawa bila kwenda mbele wala nyuma, na kwa mistari hiyo ya macho pamoja na mikanda ya rangi ya chungwa tumboni ninaridhika kumwita Eristalinus taeniops, ambaye hupatikana katika sehemu nyingi za Afrika na pembezoni mwa Bahari ya Mediterania. Haumi wala hana mwiba. Anajifananisha na nyuki ili ndege wamwogope. Funza wake huishi katika maji machafu na hupumua kwa mrija mrefu unaotokeza nyuma kama mkia.

Ukitaka kumthibitishia mwenzako kwamba ni nzi, mwonyeshe mambo mawili katika picha yako. Vipapasio vyake ni vifupi sana, ilhali vya nyuki ni virefu na vina kiwiko. Tena ana jozi moja tu ya mabawa. Jozi ya pili ya nzi wote imegeuka kuwa vijiti viwili vifupi vyenye vichwa, vinavyomsaidia kudumisha mizani anaporuka. Katika picha mabawa mawili ya nyuki huweza kushikana yakaonekana kuwa moja, kwa hiyo anza na vipapasio.

SWALI: Mheshimiwa mtaalamu, mimi ni mfugaji wa Bunda, karibu na hifadhi. Ng'ombe wangu wanasumbuliwa na nzi wanaouma miguuni hadi wanapigapiga kwato siku nzima. Majirani wanasema ni ndorobo na wanataka tuchange fedha za dawa. Ninaambatanisha picha, ingawa haikutoka vizuri. Je, ni ndorobo kweli?
Mfugaji, Bunda

JIBU: Ndugu mfugaji, picha yako ina ukungu, lakini imebahatika kuhifadhi mambo mawili yanayotosha kujibu swali lako. Nzi ametua akiwa ameyatenganisha mabawa yake kwa nyuma, na ncha zake ziko mbalimbali. Ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o, akitua huyalaza mabawa yote mawili juu ya mgongo, moja likilifunika jingine kabisa, mfano wa mkasi uliofungwa, na mabawa hayo hupita nyuma ya tumbo. Pili, mdomo wa nzi wako unatokeza mbele ya kichwa kwa kiasi, mweusi na mgumu, jambo linalomtenga na nzi wa kawaida wa nyumbani, ambaye mdomo wake ni laini, huelekea chini, na kazi yake ni kulamba. Nzi mwenye mdomo wa kuchoma unaotokeza mbele, mwenye mabawa yaliyoachana, anayependa miguu ya ng'ombe, ni wa jenasi ya Stomoxys, yaani nzi wa mazizi. Ninaishia kwenye jenasi kwa makusudi. Stomoxys calcitrans ndiye anayejulikana zaidi duniani, lakini Afrika Mashariki ina spishi nyingine za jenasi hiyohiyo, na madoa ya tumbo yanayowatenganisha hayaonekani katika picha hii.

Jibu hili lina maana kwa fedha mnazotaka kuchanga, kwa sababu nzi wa mazizi huzaliana katika samadi iliyochanganyika na majani makavu na mabaki ya malisho, na usafi wa zizi humpunguza sana. Ndorobo hazaliani namna hiyo. Jike lake hubeba funza mmoja mmoja tumboni hadi akomae, kisha humwachia kwenye udongo ulio chini ya kivuli, na usafi wa zizi haumgusi.

Kwa upande mwingine, nisingependa majirani zako wadharauliwe. Wanaishi kando ya hifadhi ambamo ndorobo wapo kweli, na magonjwa wanayoyaeneza, yaani nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu, si mambo ya kubahatisha. Ukiona nzi mwenye mabawa yaliyolazwa kama nilivyoeleza, jitahidi kumpiga picha kutoka juu, kwa sababu katikati ya bawa la ndorobo kuna eneo lililozungukwa na mishipa lenye umbo la shoka, na hakuna nzi mwingine mwenye eneo la umbo hilo. Alama hiyo moja, ikionekana, inatosha kumwita Glossina bila shaka yoyote.

Kumtaja kwa spishi kunahitaji miguu. Katika eneo lenu anayetarajiwa kwanza ni Glossina swynnertoni, ambaye makazi yake ni kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, pamoja na G. pallidipes. Wote wawili wana wayo wa mguu wa nyuma wenye pingili mbili za mwisho nyeusi na zilizobaki zenye rangi hafifu. Tofauti iko kwenye miguu ya mbele na ya kati: swynnertoni ana ncha nyeusi huko pia, pallidipes hana. Wale wa kandokando ya Ziwa Victoria wa kundi la G. fuscipes wana pingili zote za wayo wa nyuma zilizo nyeusi. Kwa hiyo picha moja ya pembeni, iliyolenga miguu, huweza kusema zaidi kuliko picha kumi za mgongo. Wakati huohuo mpelekee ofisa mifugo ng'ombe wowote waliokonda au wenye homa, kwani damu ya ng'ombe huonyesha kilichomo ndani yake hata pale ambapo nzi hakuonekana.

SWALI: Ninatumia simu ya kawaida. Picha zangu za nzi hutoka na ukungu, au nzi huruka kabla sijabonyeza. Nifanye nini, na mtaalamu anataka kuona nini hasa?
Mpiga picha chipukizi, Tanga

JIBU: Nianze na sehemu ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoamua ya kwanza. Mtaalamu wa nzi huangalia mishipa ya mabawa kabla ya jambo lolote, maana mpangilio wake ndio unaotenganisha familia nyingi. Pange, kwa mfano, hutambulika kwa mshipa unaogawanyika tawi mbili na kuikumbatia ncha ya bawa, na nzi wa maua hutambulika kwa mkunjo unaofanana na mshipa wa ziada ulio katikati ya bawa bila kuungana na mishipa mingine kwa ukamilifu. Baada ya mabawa huangalia uso na vipapasio, kisha nywele ngumu za kifuani, kisha miguu. Hakuna pembe moja ya kamera inayoonyesha haya yote. Ninachoomba ni picha ya juu, picha ya pembeni na picha ya uso, na kama nafasi ni ya picha moja tu, basi chagua ya juu iliyoelekea pembeni kidogo, ili bawa moja lionekane lote.

Nzi huhitaji joto ili aruke. Alfajiri, na hasa baada ya usiku wa baridi, huwa mzito, na unaweza kumkaribia mpaka lenzi ikawa karibu kabisa. Njoo kutoka mbele au kando taratibu, bila kumtupia kivuli, kwa sababu kivuli kinachopita ghafla ndicho kinachomrusha. Anza kupiga ukiwa mbali na uendelee kupiga kila unaposogea, ili akiruka usibaki mikono mitupu.

Usikuze picha kwa vidole kabla ya kupiga, kwa kuwa simu nyingi zikifanya hivyo hupunguza maelezo ya picha. Piga kwanza, kisha ukate pembeni baadaye. Lenzi ndogo ya kubandika inayouzwa kwa ajili ya simu inasaidia kuliko simu mpya. Mwanga wa jua la mchana hung'aa juu ya mwili wa nzi wenye rangi ya metali na kufuta kila alama, kwa hiyo mtu akikushikia kitambaa chepesi cheupe upande wa jua, utaona tofauti kubwa. Taa ya simu iache. Vichujio vya kupamba rangi viache kabisa, kwani vinabadilisha jambo ambalo tunalitafuta.

Kuna kosa moja linaloharibu picha nzuri nyingi kuliko mkono unaotetemeka, nalo ni namna ya kutuma. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na mishipa ya bawa hupotea. Itume kama hati na itafika ilivyo. Andika tarehe, mahali kwa jina la kijiji au mtaa, mmea au mnyama aliyetuliwa, na alichokuwa akifanya nzi: alikuwa anataga, anakunywa utomvu, anauma, au amesimama tu. Ukubwa uutaje kwa kumlinganisha na kitu kinachojulikana, au upige picha ya rula mahali palepale baada ya nzi kuondoka.

Ninapenda kuongeza kwamba picha ya nzi aliye hai ina hazina ambayo sampuli ya makumbusho haina. Macho ya pange wengi, hasa wa jenasi ya Chrysops, yana mikanda na madoa ya kijani, dhahabu na zambarau, na rangi hizo hufifia mara nzi anapokufa na kukauka. Mtaalamu aliyesoma nzi huyo kwenye pini kwa miaka mingi huenda hajapata kuyaona macho yake yalivyo. Kwa hiyo usidhani kwamba picha yako ni mbadala dhaifu wa sampuli katika kila jambo. Kwa jambo hilo, na kwa tabia za nzi, inaishinda.

SWALI: Nilikutumia picha safi kabisa ya nzi mkubwa wa kijivu aliyetua kwenye dagaa waliokuwa wakikauka. Ana mistari mitatu myeusi mgongoni, tumbo la mirabamiraba na macho mekundu. Kila unywele unaonekana. Hata hivyo ulinijibu "familia ya Sarcophagidae" na ukaishia hapo. Mbona programu ya simu ilinipa jina kamili bila kusita?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ninaelewa kutoridhika kwako, na picha yako ni miongoni mwa zilizo safi zaidi nilizopokea. Tatizo haliko kwenye kamera. Nzi wa nyama wa familia hii wana mistari hiyo mitatu na mirabaraba hiyo karibu wote, na tofauti ya spishi moja na nyingine iko katika viungo vya uzazi vya dume, ambavyo hufichwa ndani ya ncha ya tumbo. Mtaalamu humchukua dume, huvuta viungo hivyo nje kwa sindano nyembamba, huvisafisha, kisha huvitazama kwa hadubini. Picha ya mgongo, hata iwe safi kiasi gani, haina habari hiyo ndani yake, na majike wengi hawatambuliki kwa njia hiyo hata wakiwa mezani. Njia nyingine ni kusoma kipande cha jeni, mara nyingi kile kiitwacho COI, na kukilinganisha na vilivyokwisha kuhifadhiwa.

Kuhusu programu, inafaa kujua inavyofanya kazi. Programu kama iNaturalist, iliyoanza kutumia utambuzi wa picha kwa kompyuta mwaka 2017, hufunzwa kwa picha ambazo watu wamekwisha kuzipa majina, kisha hukuletea jina ambalo picha zake zinafanana zaidi na yako. Spishi isiyo na picha za kutosha haimo katika mafunzo yake, kwa hiyo haiwezi kutajwa hata kama ndiyo iliyo mbele ya lenzi. Picha nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini, na nzi wa Mwanza hupewa jina la nduguye wa mbali. Ninaitumia na ninaipendekeza kwa kazi ya kwanza, yaani kufika kwenye familia. Inapotaja spishi ya nzi wa nyama, ichukue kama pendekezo la mahali pa kuanzia kutafuta. Ukiandika "Sarcophagidae" na kuacha hapo, umeandika ukweli wote uliomo katika picha, na rekodi hiyo itamfaa mtu atakayekuja baadaye kuliko jina refu la kubahatisha, ambalo litaingia katika hifadhidata na kunakiliwa na wengine.

Kwa upande wa dagaa, familia inatosha. Majike wa nzi hawa hawatagi mayai kama nzi wengine, bali huweka funza walio hai tayari, na ndiyo maana samaki aliyeachwa wazi kwa muda mfupi anaweza kukutwa na funza. Vichanja vilivyofunikwa kwa chandarua chenye matundu madogo husaidia, mradi chandarua kisigusane na dagaa.

SWALI: Ninafundisha biolojia. Wanafunzi wangu wameuliza kama mtu anaweza kugundua spishi mpya ya nzi kwa picha peke yake, bila kumkamata nzi mwenyewe. Nimeshindwa kuwajibu.
Mwalimu, Kitui

JIBU: Imewahi kufanyika, Mwalimu, tena katika bara letu, na mjadala wake ungefaa somo zima. Mwaka 2015 Stephen Marshall na Neal Evenhuis walichapisha jina Marleyimyia xylocopae kwa nzi wa familia ya Bombyliidae aliyepigwa picha Afrika Kusini. Nzi huyo anafanana kwa namna ya kushangaza na nyuki mkubwa atoboaye mbao. Hakuhifadhiwa; kilichobaki ni picha. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka kila spishi mpya iwe na sampuli moja ya marejeo, lakini waandishi hao walitegemea kifungu kinachokubali kwamba mdudu anayeonekana katika picha ndiye sampuli, hata kama yeye mwenyewe hayupo tena.

Mwaka uliofuata mamia ya wataalamu walitia saini barua ya kupinga utaratibu huo. Hoja yao kubwa ni kwamba sampuli inaweza kuulizwa maswali mapya: miaka hamsini ijayo mtu ataifungua, ataipima, atachukua jeni. Picha hujibu tu yale yaliyokuwa mbele ya lenzi siku ile. Waliotetea walisema kwamba nzi huyu alikuwa wa jenasi iliyokwisha kujulikana, na alama zake zilikuwa wazi kiasi kwamba kumchanganya na mwingine ni vigumu. Mimi ninaelemea upande wa wapingaji, hasa kwa nzi, kwa sababu ya yale niliyomwandikia msomaji wa Mwanza. Katika familia nyingi za nzi alama ya spishi haiko nje. Lakini ninakubali kwamba picha ile ilifanya kazi muhimu ya kuwaambia watu mahali pa kwenda kutafuta, na kazi hiyo wanafunzi wako wanaweza kuifanya.

Tena wako mahali pazuri. Katika kilima cha Ukasi, kwenye njia ya kwenda Garissa, kuna ufa katika mwamba unaokaliwa na popo, na humo alipatikana mwaka 1933 nzi aitwaye Mormotomyia hirsuta, ambaye hana ndugu yeyote katika familia yake. Alionekana tena mwaka 1948, kisha hakupatikana kwa miongo mingi hadi mwaka 2010, watafiti akiwemo Robert Copeland wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walipompata palepale. Funza wake hula kinyesi cha popo. Mabawa yake yamedumaa hata hawezi kuruka, miguu ni mirefu, mwili umejaa manyoya. Mtu akikutumia picha yake bila maelezo, utasema ni buibui, na programu ya simu huenda ikakubaliana nawe. Kinachomsaliti ni miguu sita. Waambie wanafunzi wahesabu miguu kabla ya kufikiria jina lolote, nao wasiingie kwenye ufa ule bila ruhusa na bila mtu anayejua mahali pale, kwa ajili ya usalama wao na kwa ajili ya nzi ambaye makazi yake ni madogo sana.

SWALI: Katika mpunga wetu kuna mdudu mdogo ambaye macho yake yako mwisho wa vijiti viwili vilivyotokeza kichwani. Wapo wengi kwenye majani, hasa karibu na mifereji. Je, ni adui wa mpunga?
Mkulima, Ifakara

JIBU: Huyu ni nzi wa jenasi ya Diopsis, familia ya Diopsidae, na hakuna haja ya picha bora kwa kiwango hicho, kwa kuwa vijiti hivyo vimeshamtaja. Dume na jike wote wanavyo. Baadhi yao ni adui kweli: funza hutoboa shina changa la mpunga, na jani la katikati hukauka likang'oka kwa urahisi ukilivuta. Mpunga uliopandwa mapema na wenye nguvu huweza kufidia kwa kuchipua machipukizi mengine, kwa hiyo wingi wa nzi kwenye majani peke yake si sababu ya kukimbilia dawa. Vuta kwanza majani yaliyokauka sehemu mbalimbali za shamba uone ni mangapi yaliyotobolewa.

Nzi wanaopatikana sana kwenye mpunga wa Afrika wako wa namna mbili. Diopsis longicornis, ambaye katika maandishi ya karibuni huitwa pia D. macrophthalma, ni mkubwa zaidi, ana tumbo la rangi ya chungwa na mabawa yasiyo na doa, naye ndiye anayeogopwa zaidi. D. apicalis ni mdogo na ana doa jeusi kwenye ncha ya kila bawa, ingawa jina hilo limekuwa likifunika spishi kadhaa zinazokaribiana. Katika picha uliyotuma, nzi amegeuza kichwa kwenye kamera na mabawa yamefichwa nyuma yake, kwa hiyo ninaishia kwenye jenasi. Rudi kwenye mfereji asubuhi na mapema, wakiwa wamekusanyika kwenye majani yenye kivuli, na umpige mmoja kutoka juu hadi ncha za mabawa zionekane. Andika pia umri wa mpunga tangu kupandikizwa, kwa sababu hatari ya funza hawa ni kubwa mpunga unapokuwa mchanga na hupungua unapomaliza kuchipua.